Mume wangu, kidole tumbo na majirani wa Mchikichini

Nianze na ukweli. Mwaka 2022, mimi na mume wangu tulipotoka Nairobi kuja kuishi Dar es Salaam, nilitaka tukae Masaki, au walau Mikocheni. Mfuko ukasema Mchikichini. Mwenzangu alikuwa amepata kazi Kariakoo, na chumba na sebule tulichopata kilikuwa mwendo wa miguu tu kutoka ofisini kwake. Nikaapa: miezi sita, tunahama.

Kama hupajui, Mchikichini si mahali pa kulala mapema. Huku soko la Karume na marobota yake ya mitumba, kule bonde la Msimbazi, ambalo mvua za masika zikizidi kila mtu anakumbuka ana ndugu kwingine. Chipsi mayai zinakaangwa mpaka usiku wa manane, na redio ya jirani ni redio yako. Mimi nilijifungia ndani. Salamu yangu kwa majirani ilikuwa tabasamu la haraka na kitasa.

Usiku mmoja wa mwaka 2023 mume wangu akaanza kulalamika tumbo. Lilianzia kitovuni, likahamia chini upande wa kulia. Anatapika, jasho linamtoka. Nikaita teksi. Kwa akili yangu ya kigeni, hospitali ni ile yenye kiyoyozi, basi tukaenda hospitali moja binafsi, jina kapuni.

Mapokezi wakaomba kadi ya bima. Bima ya kazini ilikuwa bado inashughulikiwa, kwa hiyo kwa kujiamini kabisa nikatoa kadi yetu ya NHIF. Dada wa mapokezi akaigeuza, akacheka kwa upole: "Dada, hii ya Kenya." Kumbe nchi zetu mbili zilikuwa na mifuko yenye herufi zilezile na isiyojuana! Ule wa Kenya ulianza 1966, na mwaka 2024 nafasi yake ikachukuliwa na SHA. Wa Tanzania ulitungiwa sheria mwaka 1999, ukaanza kazi 2001. Kadi ya huku haifanyi kazi kule.

Kulazwa, tuliambiwa, kunahitaji kutanguliza laki tano. Tulikuwa na laki na nusu. Ikatosha kumwona daktari na kupima. Malaria hakuna, taifodi hakuna, "ni gesi tu." Chini ya saa moja tukawa nje na mfuko wa dawa. Tulihudumiwa kama wafalme, tukarudi nyumbani na ugonjwa wetu.

Alfajiri hali ikawa mbaya. Mama mwenye nyumba alisikia nikilia, akaingia na khanga yake begani bila hata kubisha. Akamtazama mgonjwa mara moja tu. "Mwanangu, hii si gesi. Ita bajaji, twende Amana."

Amana ni hospitali ya rufaa ya mkoa, hapohapo Ilala. Niliogopa hospitali ya serikali, sikufichi. Nilipoona umati nikakimbilia dirishani: "Nataka daktari sasa hivi!" Nesi akanitazama, kimya. Mama mwenye nyumba akanivuta kando. "Habari za kazi, mwanangu? Poleni na usiku. Tunaomba mtusaidie, kijana wetu anaumwa sana, hawezi hata kusimama." Kiti cha magurudumu kikaja. Nairobi nimezoea kusema nataka. Dar es Salaam mtu anaomba, tena baada ya salamu.

Daktari akabonyeza tumbo upande wa kulia, akaachia ghafla. Mume wangu akapiga ukelele. Kidole tumbo, na si cha kusubiri. Kisha maswali yakanigeukia mimi. Ana mzio wa dawa gani? Amewahi kupasuliwa? Kundi lake la damu? Nilijua timu yake ya mpira, chakula chake, hata namba yake ya siri ya simu. Hayo matatu sikuyajua. Miaka minne ya ndoa!

Siku hiyohiyo akapasuliwa. Malipo nililipa kwa simu, kwa ile namba wanayokupa dirishani, na risiti nikazitunza zote.

Lakini kuna kitu hakiko kwenye orodha ya bei yoyote. Wodini, ndugu ni sehemu ya tiba. Ndugu ndiye anayeleta uji na shuka, anayefuata majibu ya vipimo, anayetumwa duka la dawa. Mgeni hana ndugu. Nilikaa kwenye benchi nikilihesabu hilo, mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipofika na nusu ya nyumba yetu ikaingia. Kijana wa chumba cha pili, anayeuza mitumba Karume na ambaye sikuwahi kumuuliza hata hali, alisema: "Shemeji, nenda kalale, leo nitashinda mimi." Mama mwenye nyumba alileta uji ambao haukuruhusiwa bado, kwa sababu daktari alikuwa akisubiri mgonjwa atoe hewa kwanza. Hewa ilipotoka, jamani, wodi nzima ilishangilia!

Baadaye nilielewa kitu. Tanzania ilipiga marufuku tiba binafsi ya biashara mwaka 1977, ikairuhusu tena 1991. Watu wazima wa mtaani kwetu waliishi miaka hiyo yote wakijua zahanati, kituo cha afya, kisha hospitali kubwa. Ile ngazi wanaijua kwa miguu. Mimi nilikuwa naijua ramani ya viyoyozi.

Sisemi binafsi ni mbaya. Bima ilipokamilika, meno na vipimo vya kawaida tunakwenda binafsi, hatupotezi siku ya kazi. Ila kama mnahamia mji mgeni, mwulizeni mwajiri bima inaanza lini na inapokelewa wapi kabla hamjafungua masanduku. Ijueni hospitali ya serikali iliyo karibu kabla ya kuihitaji. Mwandikiane mzio, kundi la damu na magonjwa ya zamani, kila mmoja abebe ya mwenzake. Na majibu mkipewa, yatunzeni.

Na wasalimieni majirani. Ile miezi sita iliisha zamani. Bado tuko Mchikichini, na mlango wetu siku hizi hauna haraka ya kufungwa.