Mto Rwizi na Wanagenzi Wake

Mto Rwizi huchimbuka katika vilima vya Buhweju, magharibi mwa Uganda, penye mashamba ya chai na mabonde ya mafunjo. Huteremka hadi Mbarara, hupita mjini, kisha hushika njia ya mashariki kuelekea Ziwa Mburo, wanakokunywa pundamilia na viboko wa mbuga ya taifa. Kwa miaka mingi Mbarara imechota maji mtoni humo kwa ajili ya hospitali, shule, viwanda, na nyumba za raia na askari.

Lakini mto huo umedhoofika. Mafunjo, ambayo huyashika maji ya mvua na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi, yamefyekwa mahali pengi ili kupanda migomba, kulisha ng'ombe, kufyatua matofali na kuchimba mchanga. Ndiyo maana masika huleta mafuriko mekundu kwa udongo, na kiangazi huacha mkondo mwembamba.

Katika likizo ndefu, wanafunzi wa vyuo hutakiwa kujifunza kazi kwa vitendo. Baadhi yao huja kwa vikundi vya wakazi vinavyohifadhi mto. Alfajiri huingia majini hadi magotini, hupima uangavu wa maji, hugeuza mawe na kuwahesabu wadudu waliojificha chini yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wakiona mabuu ya wadudu wasiovumilia uchafu, hufurahi. Wakikuta ruba na minyoo tu, hujua kuwa mto unaugua. Mchana hutunza vitalu vya miche ya mianzi na miti ya asili. Mikaratusi hawaipandi kando ya mto, kwa kuwa hunywa maji mengi.

Kazi ngumu kuliko zote huanza inapotandazwa kamba ya kupimia. Kanuni za mwaka 2000 ziliutaja Rwizi miongoni mwa mito ambayo ukanda wa mita 100 kando yake yapaswa kulindwa. Kamba hiyo hupita katikati ya migomba ya mtu. Mwenye shamba huuliza watoto wake watakula nini, na swali hilo halijibiwi kwa kitabu. Mwanafunzi hujifunza kuamkia kwanza, kuketi, kusikiliza, kisha kushauriana naye juu ya mizinga ya nyuki, majani ya kulisha mifugo, au miti ya matunda itakayoshika udongo bila kumnyima riziki.

Baada ya miezi miwili hivi mwanafunzi hurudi chuoni; mkulima hubaki. Mche uliopandwa kwa amri hukauka au huliwa na mbuzi, lakini ule uliokubaliwa na mwenye shamba humwagiliwa maji na wanawe. Kwa hiyo, familia iliyoko mjini ifunguapo bomba na kupata maji, na imkumbuke pia yule mkulima wa mlimani aliyekubali kurudi nyuma hatua chache kutoka ukingoni.