Nyota yenye mkia yatupandisha ghorofa 8 Mnazi Mmoja!

Wenzangu wikiendi wanakwenda kujirusha. Mimi Oktoba 2024 nilikuwa uani kwa mjomba, hatua chache tu kutoka Mtaa wa Lumumba, nahangaika na darubini. Majirani walinicheka ile mbaya. Mpangaji wa chumba cha mbele akauliza: "Huo mzinga bwana, tunapigana na nani?"

Nilikuwa nawinda nyota yenye mkia nipate kuipiga picha. Usiichanganye na kimondo. Kimondo kinapita fyuu, kimekwisha, na kikidondoka ndiyo mambo ya lile jiwe la Mbozi kule Songwe. Hii nyingine wala si nyota hasa. Ni donge la barafu na vumbi linalozunguka jua. Likilisogelea jua, barafu inageuka mvuke, vumbi linapeperuka, ndiyo huo mkia. Na mkia wenyewe haufuati nyuma kama wa mbwa, siku zote unaelekea upande wa pili wa jua.

Hii ya 2024 ina jina refu kama treni: Tsuchinshan-ATLAS. Iligunduliwa 2023 na Wachina na darubini iliyoko Afrika Kusini. Tarehe 27 Septemba 2024 ilipita karibu kabisa na jua, na tarehe 12 Oktoba ikawa karibu nasi, kilomita kama milioni 70. Baada ya hapo ikawa inaonekana magharibi, jua likishazama.

Magharibi! Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Magharibi ya Mnazi Mmoja ni Kariakoo, na Kariakoo ya leo si ile ya nyumba za vyumba sita na ua wenye mwembe. Ni ghorofa juu ya ghorofa. Uani kwa mjomba mbingu imebaki kipande cha ukubwa wa kanga.

Siku ya pili nikahamia viwanjani. Uwazi ule wa Mnazi Mmoja mkoloni aliuacha makusudi, kutenganisha mji wa Wazungu na Wahindi na makazi ya Waafrika huku Kariakoo. Leo ndipo mahali pa kupumulia mjini. Lakini wapi! Taa za barabarani kila upande, ghorofa zile zile, na vijana wakanizunguka kuuliza kuchungulia ni shilingi ngapi.

Ningekata tamaa kama si mjomba. Mzee ana miaka 74 na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa miaka miwili alikataa katakata kufanyiwa upasuaji. Mwaka 1986 Halley ilipopita alikuwa na miaka 36. Akasema ataiangalia kesho, kesho, kesho, mara masika yakaanza na mawingu yakafunga. Halley inarudi 2061. "Hii nayo ikinipita," aliniambia, "basi tena mwanangu."

Tarehe 15 mlinzi wa ghorofa la jirani alikubali tupande, baada ya kupozwa na soda. Lifti ilikuwa imekufa. Ghorofa 8, msomaji! Mimi nimebeba darubini, mjomba kanishika bega, kila ghorofa tunakaa kwenye ngazi anavuta pumzi. Juu tukakuta matangi ya maji, madishi na kamba za nguo. Chini honi, machinga wanafunga biashara, na adhana ya magharibi inaita kutoka kila upande. Mjomba akaswali pale pale juu ya koti langu.

Ilipokaribia saa 1 usiku Zuhura ikawaka kushoto, na upande wake wa kulia nikaiona. Kwa macho ni kidoa hafifu, kama chaki iliyofutwa vibaya. Mwezi mkubwa nyuma yetu na taa za mji vilikuwa vimeimeza nusu. Nikamwekea mjomba darubini. Akachungulia, akachungulia tena.

"Naona maziwa tu," akasema, akarudi kukaa kwenye tofali. Sikuwa na la kumjibu.

Nikarudi kwenye kazi. Darubini yangu inaonyesha kichwa tu, mkia hauenei. Basi kamera yenye lenzi ya kawaida nikaifunga mgongoni mwa darubini. Nikalenga Zuhura kwanza mpaka ikawa nukta kali, ndipo nikageukia mgeni wetu. Kila picha sekunde 3, maana dunia inazunguka, ukizidisha nyota zinakuwa mistari. Kidole hakigusi, kamera inajifyatua yenyewe. Nikapata picha 30 kabla haijazama kwenye vumbi la mji.

Nyumbani nikazirundika moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Giza likakolea, mkia ukajitokeza mrefu, umesimama juu ya mapaa ya Kariakoo. Mjomba akasogeza uso karibu kugusa kioo, akaufuata mkia kwa kidole.

"Jua lilikuwa huku chini?"

"Ndiyo mjomba."

"Kweli unalikimbia." Akanyamaza kitambo. "Basi wiki hii nipeleke wakamtoe huyu mtoto."

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji Novemba. Bendeji ilipotolewa, cha kwanza kuomba ilikuwa ile picha. Akaitazama weee, kisha akasema: "Kumbe uliipiga imepinda!"

Kwa hiyo, kijana wa mjini, nyota nyingine ikitangazwa usisubiri kesho. Tafuta paa linaloangalia upande husika, mpoze mlinzi, na mchukue mzee wako. Mjomba wangu mwaka 2061 atakuwa na miaka 111, na ameshanionya nisije nikaiuza darubini.