Pete Mbili za Shaba
Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Kotile. Shule niliiacha mapema nikafuata ng'ombe, na kwa miaka mingi chochote kilichoitwa sayansi nilikiachia waliosoma. Aliyenitoa huko ni mtoto wa dada yangu.

Alikuja likizo na roboti ya klabu ya shule, waliyokuwa wakiiandaa kwa mashindano. Mkono wa roboti ulitakiwa kuzunguka bila kikomo, lakini nyaya zilijisokota hadi zikakatika. Akaniuliza, "Abti (mjomba), umeme unapitaje kwenye kitu kinachozunguka?"

Nikamfungulia alteneta ya Land Cruiser. Kwenye shafti ya rota kuna pete mbili za shaba, na juu yake brashi za kaboni zinazosukumwa na springi. Pete huzunguka, brashi hutulia, umeme unapita. Vumbi la barabara zetu huimaliza kaboni upesi, taa ya betri ikawaka kwenye dashibodi, nami nikapata riziki.

Akauliza jambo ambalo hakuna dereva aliyewahi kuniuliza: mbona brashi ni ndogo hivi, ilhali alteneta inatoa umeme mwingi? Nikamweleza kwamba brashi hupitisha ampea chache tu za kuamsha sumaku ya rota. Umeme mkubwa, ampea 60 na zaidi, huzaliwa kwenye koili zisizozunguka na kutoka kwa waya wa kawaida. Mikono yangu ililijua hilo siku zote. Mdomo ulikuwa haujawahi kulisema. Nilijisikia mwalimu, wallahi.

Basi, kwa mfano huo huo, mota ya kuuzungusha mkono wa roboti tukaishusha kwenye kitako kilichotulia. Juu kikabaki kishikio chepesi, na hicho ndicho tulichokipa pete na brashi.

Tangu hapo nasoma. Mitambo 365 ya upepo kule Ziwa Turkana, Marsabit, ina pete na brashi ndani ya jenereta. Lakini kichwa cha mnara kinapogeuka kuufuata upepo, nyaya nene zinazoshuka chini huachwa zijisokote kiasi, kisha kompyuta hukirudisha kichwa kinyume kuzisokotoa. Hiyo imenifurahisha kuliko pete zenyewe.

Siku hizi wanafunzi huja gereji Jumamosi, nawapa alteneta zilizokufa wazifungue. Juzi mmoja alitaka kujua mota zisizo na brashi hata moja huzungukaje. Nimemwambia aje wiki ijayo, mimi kwanza nikasome.