Walioshikana Mikono Mtaa Ulipogeuka Mto

Kuna klipu moja ya mafuriko ambayo watu hawaichoki. Ni usiku, mtaa mzima umegeuka mto wa tope, gari limekwama katikati na ndani yake kuna mdada anapiga kelele. Jamaa mmoja anajitosa. Maji yanambwaga, watu wanapiga yowe, anainuka tena. Nyuma yake wanaume wengine wameshikana mikono kama mnyororo. Mwishowe mdada anavutwa kupitia dirishani, anatoka mzima.

Huyo jamaa siyo zimamoto. Ni muuza midoli, ana duka lake mtaa huohuo. Ilikuwa Jumamosi, Julai 30, 2016, Ellicott City, mji mdogo wa zamani jimboni Maryland, Marekani, jirani na Baltimore. Klipu ikatrendi dunia nzima.

Sasa ishu ni hii: mvua gani inageuza mtaa wa maduka kuwa mto fasta namna ile? Siyo kimbunga. Ni mawingu ya radi yasiyokuwa na haraka. Fikiria daladala za ruti moja: moja ikishusha abiria kituoni, nyingine iko nyuma yake, na nyingine tena. Ndivyo mawingu yalivyofanya usiku ule, yakimwaga palepale. Zaidi ya milimita 150 zilishuka, nyingi ndani ya saa mbili tu. Na mtaa wenyewe uko bondeni, vilima huku na huku, vijito vingine vinapita chini ya majengo kwenda kumwaga mto Patapsco. Maji yakakosa njia, yakachukua barabara. Watu wawili walifariki.

Wenye maduka wakatoa tope, wakakopa, wakapaka rangi, wakafungua upya. Hata miaka miwili haijatimia, Jumapili ya Mei 27, 2018, mawingu ya aina ileile yakarudi juu ya mtaa uleule.

Safari hii kulikuwa na jamaa mwingine, mwanajeshi wa akiba, miaka 39, aliyekuwa mtaani hapo na washkaji. Akamwona mama mmoja anahangaika kumwokoa paka wake. Akaenda kumsaidia. Maji yakamchukua. Mwili wake ulipatikana siku mbili baadaye mtoni Patapsco.

Wanaume wawili, mtaa mmoja, moyo mmoja. Mmoja anashangiliwa kwenye klipu, mwingine alizikwa. Huwezi kusema huyu alikuwa shujaa kuliko yule. Maji hayachagui roho nzuri. Sentimita 15 tu za maji yanayokimbia zinaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuelea na gari dogo.

Ndiyo maana ile klipu inatakiwa kuangaliwa vizuri. Macho yote yako kwa jamaa wa mbele, lakini waangalie wale wa nyuma, ambao hata sura hazionekani. Kila mmoja kashika mkono wa mwenzake, hakuna anayeuachia. Hao nao ndio waliomfanya yule wa mbele athubutu.

Na mnyororo mzuri kuliko wote hauna klipu kabisa. Ni yule anayempigia mpangaji wa chini simu mapema, "Panda juu, acha vitu." Ni konda anayegoma gari lisivuke. Ellicott City wameshalielewa hilo: leo kuna ving'ora vya tahadhari na vibao vya kuonyesha njia ya kupandia mlimani. Havina mbwembwe, havitatrendi, lakini vinamfikia mtu kabla maji hayajamfikia.

Ushujaa wa dakika ya mwisho ni mtamu kutazama, ila bei yake wakati mwingine ni mtu.

Mvua ikigoma kuondoka juu ya mtaa wenu, nani atakuwa wa kwanza kukupigia simu? Na wewe utampigia nani?