Sindano Iliyosimama kwenye 90

Nilikuwa mtu wa haraka. Asubuhi nikiwasha Audi A4 yangu sikuwa na subira hata kidogo. Sindano ya joto ikishafika 90, nilijiona nimepewa ruhusa. Nikiingia Thika Road nakanyaga mafuta. Gari lenyewe ni muundo wa B8, injini ya lita 1.8 yenye turbo, lililetwa kutoka Japani likiwa limetumika, na halikuwa linalalamika. Lilinguruma vizuri, nami nikadhani kunguruma ndiyo afya.

Wa kunionya walikuwepo. Kaka yangu, ambaye ameendesha malori ya Malaba tangu ujana, aliniambia mara nyingi niiache injini ipate moto kwanza. Nilimwonyesha sindano. Ingekuwaje baridi na sindano imesimama katikati? Hata nikipanda kutoka Mai Mahiu, feni ikivuma kama kinu cha kusaga, sindano haikutikisika. Nilimwambia Wajerumani wanajua kazi yao, na yeye, kwa upole wake, akanyamaza.

Kisha taa ya injini ikawaka. Aliyenipokea ni fundi mmoja mzee kule Grogan, Nairobi, ambaye zamani nilibishana naye bei hadi nikaondoka kwa jeuri. Hakunikumbusha hilo. Alichomeka kebo kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akafungua kompyuta yenye VCDS, programu ya kampuni ya Ross-Tech ya Marekani. Tatizo lilikuwa koili moja ya plagi, akaibadilisha. Nikadhani sasa atataja pesa.

"Mwanangu, hebu tazama hapa."

Kwenye kompyuta, joto la maji lilikuwa 101. Kwenye dashibodi, 90. Feni ikaanza, tarakimu zikashuka: 98, 95, 92. Sindano kimya. Mzee akanieleza kwamba imepangwa hivyo kiwandani: maji yakiwa popote kati ya takriban 75 na 105, yenyewe inasoma 90, mwenye gari asije akahangaishwa na kupanda na kushuka kwa kawaida. "Imewekwa ikutulize," akasema. Akaniuliza kuhusu oili, ambayo ndiyo inayolainisha turbo na ambayo hukawia kupata moto kuliko maji. Sikuwa na jibu. Kwenye dashibodi yangu oili haikuonekana popote, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza.

Kumbe mahali pake palikuwepo, pamefungwa tu. Mzee aliunganisha chaja ya betri kwanza, maana umeme ukikatika katikati ya kazi kifaa kinaweza kuharibika. Akahifadhi msimbo wa zamani, na bado akauandika kwa kalamu nyuma ya risiti. Halafu akaingia moduli ya 17, ya dashibodi, kwenye msimbo mrefu, baiti ya 1, akaweka alama kwenye biti ya 3. Hiyo hufungua saa ya kupimia mizunguko ya mashindano, jambo ambalo kwa foleni za Nairobi ni kichekesho, lakini ukurasa huohuo ndio unaoonyesha joto la oili. Nilimlipa koili tu. Hilo la pili alikataa kulitoza, nami najua nilivyomtendea.

Kesho yake kulikuwa na baridi ya Julai. Penye oili pakatokea vistari tu. Tarakimu hazijitokezi hadi joto likaribie 50. Nilipofika barabara kuu sindano ilikuwa imeshatulia kwenye 90, na oili ndiyo kwanza inasoma 58. Hapo ndipo nilipozoea kukanyaga.

Sitasema nilibadilika siku hiyohiyo. Kuna asubuhi nilizochelewa nikageuza ukurasa, nikaweka wa matumizi ya petroli, ili nisione. Ukishajua, kujificha kunachosha, nikaacha. Siku hizi sivuki mizunguko 2,500 kwa dakika kabla oili haijafika 80. Turbo ni ileile iliyokuja na gari, na kwa nilivyoitesa, namshukuru Mungu, maana mwingine angekuwa ameshainunua upya.

Kama nawe unalo gari la namna hii, tafuta fundi mwenye programu hiyo. Akikataa kukuandikia msimbo wa zamani kabla ya kugusa chochote, mshukuru, funga mlango, tafuta mwingine.