Siga ya ukweni ilinitoa jasho

Jamani wasomaji, ukienda kuposa usibebe siga kama hujui kuitunza! Niliambiwa mkwe mtarajiwa, mzee wa Kisiwani kule Same, ni mpenzi wa tumbaku. Nikanunua siga mbili, nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, kabatini kwangu Kinondoni. Masika ya Dar hayana huruma: moja ikaota ukungu, nikatupa.

Ya pili nikaiacha wazi, nikaenda nayo Kisiwani wiki nzima kabla ya posa. Kule chini ya milima ya Pare, jirani na Mkomazi, joto na upepo mkavu. Siku yenyewe naitoa, puu! Ikapasuka mkononi. Mshenga akainamisha kichwa. Nikajua mchumba ndio basi tena.

Baadaye ndipo nikajua: siga inataka unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 70, ndani ya boksi lenye kipimo. Kipimo nacho hujaribiwa: kiweke kwenye kopo lililofungwa pamoja na chumvi iliyoloweshwa kidogo, kesho yake kisome 75.

Mzee alicheka tu, akasaga vipande, akatia kwenye kopo lake la ugoro.

“Mwanangu, tumbaku haitaki mvua wala jua. Na binti yangu hivyo hivyo. Utaweza?”

Nikasema nitaweza. Bado najifunza.