Kila shilingi na tarehe yake

Jumamosi, 11 Januari 2025

Hisa naziona kwenye programu ya simu ya Hisa Kiganjani, vipande viko UTT AMIS, hatifungani iko Benki Kuu, na akiba ya Saccos iko kwenye kitabu chake. Kila mmoja ananieleza habari zake tu. Hakuna anayeniambia kama kwa ujumla wake fedha yangu inakua.

Leo nimefungua Google Sheets nikaanza jedwali moja la vyote. Kisha nikatengeneza fomu ya Google Forms yenye maswali matano: tarehe, aina ya uwekezaji, nimenunua au nimeuza au nimepokea, kiasi gani, na makato ya dalali. Kiungo chake nimekiweka kwenye uso wa simu. Nikinunua vipande nikiwa kwenye daladala, najaza hapohapo na mstari unaingia wenyewe kwenye jedwali. Sijui kuandika programu, na kazi hii haikunidai ujuzi huo.

Jumanne, 14 Januari 2025

Fomula ya SUMIF inajumlisha kila aina peke yake. Suala la bei ndilo limenichelewesha. GOOGLEFINANCE inaniletea bei ya dola kwa shilingi bila shida, lakini hisa za Soko la Dar es Salaam haina. Basi bei nitaziandika kwa mkono Ijumaa jioni, soko likishafungwa.

Sioni kama nimepungukiwa. Hisa ninazokusudia kukaa nazo miaka kumi sina haja ya kuzichungulia kila dakika, na hapa kwetu zipo kampuni ambazo siku nzima hupita bila kuuzwa hisa zake. Naona bora mashine ikumbuke na kupiga hesabu, macho ya kutazama soko yabaki yangu.

Jumapili, 2 Februari 2025

Mama amekuja na bahasha ya taarifa zake za Mfuko wa Umoja, ule wa UTT AMIS. Ananunua vipande tangu mfuko ulipoanzishwa mwaka 2005, kidogo kidogo, kila alipouza mpunga. Karatasi za chini zimegeuka rangi ya chai. Akauliza, "Mwanangu, hizi zimenipa faida ya asilimia ngapi kwa mwaka?"

Swali zuri kuliko yote, na watu wengi hulijibu vibaya. Hugawanya faida kwa mtaji, basi. Chukua mtu aliyeweka milioni 1 mwanzo wa Januari na milioni 1 nyingine mwanzo wa Julai, na mwisho wa Desemba ana milioni 2.15. Kwa hesabu ya haraka amepata asilimia 7.5. Lakini milioni ya pili imefanya kazi nusu mwaka tu. Faida yake halisi ni takriban asilimia 10 kwa mwaka. Fomula ya XIRR inalipata jibu hilo kwa kusoma safu mbili tu, tarehe na kiasi. Fedha iliyotoka mfukoni inawekewa alama ya kutoa, iliyorudi haiwekewi, na thamani ya leo inakaa mstari wa mwisho.

Tumeingiza karatasi moja moja, yeye akisoma, mimi nikiandika, hadi magharibi. Jibu lilipotokea aliniomba nilirudie kwa sauti.

Ijumaa, 28 Februari 2025

Riba za hatifungani zimeingia kwenye Google Calendar, kila baada ya miezi sita, na ukumbusho siku moja kabla. Kwa hatifungani ya milioni 5 yenye riba ya asilimia 15.49, kila awamu ni shilingi 387,250. Sasa kiasi kikipungua nitajua siku ileile. Gawio nalo naliandika baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa sababu hicho ndicho ninachokishika.

Zipo programu zinazoahidi kukufanyia haya yote mradi uziruhusu zisome meseji za simu yako. Nimezikataa. Meseji hizo zina salio langu na namba za siri za miamala. Hakuna urahisi unaolingana na hilo.

Mdogo wangu ameanza kazi mwezi huu. Nimemtumia nakala tupu ya jedwali na agizo moja: ukinunua chochote, jaza fomu kabla hujalala, na tarehe usiiache wazi.